Laptopu Yangu Haijui Kuaga

Kuna aina ya mgeni mnayeshinda naye kutwa nzima kimya. Chai anakunywa kimya, taarifa ya habari anaangalia kimya, ukimuuliza za huko anajibu "salama" basi. Ikifika saa nne usiku anasimama, "haya jamani, acha nami nikapumzike," mnamsindikiza hadi mlangoni. Na hapo mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, mbu wanaingia kwa mafungu, ndipo anapoikumbuka kesi ya shamba ya mwaka 1998 na kuianza mwanzo.

Mgeni huyo mimi ninaye. Nilimnunua Kariakoo kwa 380,000, mtumba wa Dubai, na chaja aliyokuja nayo si yake.

Mchana laptopu yangu haina neno. Mimi ni katibu wa kikoba cha mtaani kwetu huku Mbagala, na hesabu za wanachama 32 zimo humo: hisa, mikopo, faini za wachelewaji, mpaka deni la yule mama anayedai alishalipa "kwa moyo". Inafungua, inajumlisha, inatoa, wala hainung'uniki. Sasa iambie ikalale. Nabonyeza Zima, madirisha yanajifunga moja moja, nami nimeshaanza kuchomekea chandarua. Ghafla kinaruka kijisanduku katikati ya skrini na Kiingereza chake, ambacho ukikileta kwetu kinasema: maelekezo yaliyoko namba 0x00007ff, halafu mkia mrefu wa tarakimu, yamegusa kumbukumbu iliyoko namba 0x0000000000000000. Kumbukumbu haikuweza kusomeka. Bonyeza OK kuifunga programu.

Hizo sifuri nimezihesabu. Ukiiacha ile ya kabla ya x, ziko 16. Ile noti ya Zimbabwe ya dola trilioni mia moja, iliyotoka mwaka 2009, ilikuwa na sifuri 14. Yaani laptopu yangu imeipita Zimbabwe kwa sifuri mbili, na bado hainunui hata andazi.

Halafu eti kumbukumbu haisomeki! Nani kakuuliza? Hata yangu haisomeki. Juzi nimetumwa kiberiti nikarudi na ndimu. Lakini hujawahi kuniona nimesimama sebuleni usiku nawaambia watu wabonyeze OK.

Ukibonyeza hiyo OK nako ni bahati yako. Siku nyingine inazima palepale. Siku nyingine inabaki na kiduara kinazunguka, feni inavuma kama daladala inayopanda mlima, na chumba kizima kimewaka mwanga wa buluu kama tuko ndani ya friji. "Baba watoto, bado tu?" Bado, mke wangu. Haijamaliza kuaga.

Niseme ukweli, kile kijisanduku kilikuwa na faida yake ndogo. Mke wangu ana mazungumzo ambayo huyaanza taa ikizimwa. "Baba watoto, lile la mama kuja kukaa kwetu tumefikia wapi?" Nami hapo hapo: "Subiri kwanza, mashine inasumbua." Anageukia ukutani. Kwa hiyo sikuwa na haraka ya kutafuta fundi, mpaka usiku mmoja niliposhikwa na hasira nikaminya kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka ikafa. Faili la kikoba lilikuwa bado limefunguliwa. Asubuhi likagoma kufunguka, na nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki iliyopita. Pakakosekana 20,000 za faini. Nikaitishiwa kikao cha dharura, nikakalishwa kwenye benchi katikati ya duara. Kuna watu kwenye kile kikao hawajarejesha mkopo tangu mwaka juzi, na ndio waliouliza maswali makali.

Basi nikaanza kutafuta tiba. Nchi hii ukisema unaumwa, kila mtu daktari. Ukisema laptopu inaumwa, kila mtu fundi. Dereva wa bodaboda akaniambia ni kirusi, hata kuiona hajaiona. Jirani yangu, mstaafu, akasema niwe naiweka mbali na redio. Muuza chipsi akasema imejaa, nipunguze picha. Nikafuta picha 400 za sendoff ya shemeji, kijisanduku kikaja usiku uleule, tena mapema.

Nikaenda Kariakoo. Fundi hakuiwasha hata. Akaiangalia jinsi mchinjaji anavyomwangalia mbuzi, akasema: "Bosi, hapa tupige windo tu. Elfu kumi na tano, nusu saa." Windo, kwa Kiswahili nilichofundishwa mimi, ni kile anachorudi nacho mwindaji. Nikajitazama. Kumbe anamaanisha kuiweka upya Windows, ule mfumo unaoiendesha mashine. Nikamuuliza, na mafaili yangu? "Yatabaki." Akafikiri kidogo. "Yakibaki."

Nikakataa. Akasema basi ni RAM, si imeandikwa kumbukumbu? Akaifungua, akatoa vile vibao viwili, GB 4 na GB 4, akachukua ufutio wa penseli, ule wa nusu nyekundu nusu buluu, akaanza kusugua yale meno ya dhahabu kama anafuta hesabu za darasa la pili. Usicheke, kazi hiyo ni halali, meno yakishika uchafu husaidia kweli. Ila ya kwangu yalikuwa yanang'aa kabla hajayagusa. Akarudisha, akaandika mdsched pale pa kutafutia, mashine ikajizima, ikawaka na skrini ya buluu, ikaanza kuipima RAM chumba kwa chumba, raundi mbili. Mimi niko kwenye stuli ya plastiki, nakunywa maji ya 500, nanong'ona dua. Jibu likatoka: hakuna hitilafu iliyoonekana.

Fundi alisononeka kama daktari aliyeletewa majibu kwamba mgonjwa hana malaria. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni nzima, lakini imechoka. Kuna ya GB 8 hapa, nakufanyia 60,000." Nikamlipa 10,000 ya ufutio nikaondoka. Usiku ule kijisanduku kilinisubiri kama kawaida, kimependeza, meno yake yamesuguliwa.

Wiki tatu kasoro baadaye akaja mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Alikuja likizo na begi moja na hamu ya ugali. Nikamweleza toka mwanzo: bodaboda, redio, sendoff, ufutio. Akasikiliza huku anatafuna. Wakati anasubiri sahani ya pili akafungua lile dirisha jeusi, akaandika sfc /scannow, mashine ikajikagua mafaili yake ya ndani mpaka asilimia 100, ikasema hakuna lililoharibika. "Mjomba, haya, izime nione."

Nikaizima. Kijisanduku, kwa heshima zote, kikaja.

Akakitazama. Akanitazama mimi. "Mjomba, hapa juu kwenye ukingo pameandikwa nini?"

Ndugu zangu, miezi minane. Miezi minane nimekitazama kile kijisanduku uso kwa uso. Nimezihesabu sifuri zake zote. Na juu kabisa, kwenye ukingo, kwa herufi ndogo lakini safi, pamekuwa pameandikwa jina la mhusika, lina .exe mwishoni, likifuatiwa na maneno ya kusema kwamba programu hii ndiyo iliyokosea. Mwizi alikuwa anakuja kila usiku amevaa fulana yenye jina lake mgongoni, na mimi nahesabu vifungo.

Mhusika ni programu ya printa. Sitaitaja ni ya kampuni gani, maana nami sikusoma masharti nilipobonyeza "nakubali". Mwaka 2021 niliota kufungua steshenari, nikanunua printa pamoja na kisidii chake. Ndoto ikafa, na printa nikamuuzia fundi cherehani mwaka 2023. Nasikia siku hizi kuku wake anatagia kwenye trei ya karatasi. Programu yake lakini ilibaki kwangu. Kila nikiwasha inaamka, inakaa pembeni kimya, inamsubiri printa. Kila nikizima na kila mtu kuambiwa afungashe, inakumbuka haijamuaga.

Mpwa akanifafanulia. Kumbukumbu ya mashine, anasema, ni mtaa, kila chumba kina namba. Unakumbuka mwaka 2022 walipopita kubandika namba kwenye nyumba, ile kazi ya anwani za makazi? Ndiyo hivyo. Programu ikitaka kitu inakwenda kwa namba. Pale ilipokuwa inaweka anwani ya printa, sasa printa hakuna, pameandikwa sifuri. Na sifuri si nyumba ya mtu. Ni namna ya kusema "hakuna". Programu yenye adabu huuliza kwanza: je, anwani si sifuri? Hii haiulizi. Inakwenda kugonga kwenye ukuta mtupu, na mjumbe wa mtaa, yaani mfumo wenyewe, anaikamata na kuifungulia kesi. Kumbukumbu "haikusomeka" kwa sababu mashine imekataa isisomwe. RAM yangu haikuwa na kosa lolote. Ilisuguliwa bure.

Akaniambia hata hiyo habari ya "hakuna" ina mwenyewe. Mzee mmoja wa Uingereza, Tony Hoare, aliiingiza kwenye lugha ya kompyuta mwaka 1965, kwa maelezo yake mwenyewe ni kwa sababu ilikuwa rahisi mno kuiweka. Mwaka 2009 akasimama mbele ya wataalamu akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Wakampigia makofi. Mimi wa 20,000 nilikalishwa kwenye benchi.

Kuifuta nako kulikuwa na vituko vyake. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. Ikaniomba niiwashe printa kwanza ili waagane vizuri. Ikaniuliza sababu ya kuondoka, na nyota ngapi ninaipa. Mpwa akanyang'anya panya, akabonyeza ruka, ruka, ruka, ikafutika.

Kisha, kwa kuwa vijana hawajui pa kuishia, akafungua jedwali la shughuli za mashine kunionyesha kitu. "Mjomba, unaizima kila siku?" Kila usiku, shahidi mke wangu. "Hapa inasema iko macho siku 19." Siku 19! Tangu ile siku ya ufutio! Kumbe tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu wa kuwaka haraka: ukibonyeza Zima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha mfumo hakifi, kinanakiliwa kwenye diski kama kilivyo ili kesho kisianze upya. Ukitaka ianze upya kweli, chagua Anzisha Upya. Yaani kuzima si kuzima, na kuanzisha upya ndiko kuzima. Mpwa akasema hilo silo lililoleta kijisanduku, lakini akaniondolea hiyo alama kwenye mipangilio ya umeme. Sasa inachukua muda kuwaka. Afadhali, na mimi nikiamka huchukua muda.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini yule mtoto alitaka kuthibitisha. Akaandika eventvwr, likafunguka daftari. Mashine ina daftari, jamani, kuliko hata la kikoba! Kila kijisanduku kilichowahi kuruka kimeandikwa, tukio namba 26, tarehe, saa na dakika. Saa 4:52 usiku. Saa 5:08 usiku. Nikavutiwa, nikaita kwa sauti: "Mama watoto, njoo uone maajabu!"

Akaja, anapangusa mikono kwenye kanga. Akasoma. Mke wangu ni mweka hazina wa kikundi cha kanisa, tarehe kwake ni kama chumvi, anajua palipopungua. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Tarehe 14 mbona hamna?"

Nikasema labda ilisahau kuandika.

"Na 15. Na 16. Na 18." Kidole kinashuka taratibu. "Si ndiyo wiki ile uliyoniambia mashine inasumbua mpaka saa saba?"

Mpwa wangu akasema anakwenda kununua vocha. Simu yake ina bando la mwezi.

Usiku ule nilichelewesha kwa kila njia. Nikajumlisha hisa mara mbili. Nikaipanga orodha ya wanachama kwa alfabeti, nikaipangua. Ilipofika saa tano nikabonyeza Zima. Madirisha yakajifunga moja moja. Nikasubiri. Feni ikapumua mara moja, ikanyamaza. Mwanga wa buluu ukaondoka chumbani.

"Imezima?" sauti ikauliza kutoka ndani ya chandarua.

"Imezima."

"Vizuri. Mama anafika Jumamosi, atakaa mpaka mwezi wa sita. Tuongee."

Nikaitazama skrini. Nyeusi tii. Hata sifuri moja.