Mwacheni atuchekeshe

Alhamisi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tulisomewa darasani hadithi ya mwenzetu mmoja, kurasa nne tu. Mvulana wa miaka kumi na mitano anaazima chukudu ya mjomba wake, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu, ili msichana anayempenda amwone akiteremka nayo kutoka upande wa Kibumba. Breki inamshinda, anaishia ndani ya beseni la sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, la mama mmoja sokoni, na mama huyo ndiye aliyemzaa yule msichana. Nilicheka hadi machozi. Kisha maoni yakaanza.

Wa kwanza: "Hadithi ya Goma bila vita ni uongo." Wa pili akataka mvulana awe mkimbizi. Wa tatu akasema "ni nzuri, endelea", akarudi kwenye simu yake. Mwandishi aliandika yote daftarini, kichwa chini.

Imeniuma sana. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, sote tulikuwa hapa, hakuna wa kutukumbusha. Mei 2021 pia, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama. Kwenye barabara ya Sake, godoro kichwani, niliwaona watoto wakichekana kwa sababu mmoja wao alikimbia na kuku akasahau viatu. Walikuwa wanaogopa, na walicheka. Vijana wa mji huu wanapendana, wanaona haya, wanaazimana mashati. Ni nani atakayeandika hayo tukimvunja moyo huyu aliyethubutu?

Nakubali, shingo upande, kwamba mstari mmoja juu ya vita ungeweza kuingia. Lakini utoke kwake mwenyewe, usiwe ushuru anaotozwa ili aruhusiwe kuchekesha.

Na kumtetea si kumsifu ovyo. Hadithi ya kuchekesha ni kazi ngumu, inataka msomaji makini. Baada ya somo nilimwambia: dada, umetumia nusu ukurasa kueleza mbao za chukudu, wakati kila mtu hapa anaijua. Tuonyeshe tu kile kipande cha mpira cha breki kinachokanyagwa nyuma, maana ndicho kitakachomponza. Vijana wako wanaongea kama wahubiri, msichana wa mtaa wa Birere hasemi "ningefurahi kufahamu mwenye chombo hiki", anasema "Wee, chukudu ya nani iyo?" Aya ya mwisho, ile ya kuwausia watoto wawatii wazazi, ifute yote, kicheko kilikuwa kimeshafika kabla yake. Na yule mama! Anasimama, magamba ya samaki kwenye kitenge, anamtazama mvulana, halafu anamtazama binti yake, halafu mvulana tena. Hapo ndipo hadithi yako inapopumua, nawe umempa sentensi moja.

Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo vita nisiiweke?"

Nikamuuliza, ulipokuwa ukiandika, uliiona? Akasema hapana, alikuwa anauona uso wa yule mama.

Jana jioni amenitumia kurasa mpya. Mama anaongea sasa, tena anadai bei ya sambaza zote, hata zile zilizobaki kwenye beseni.