Shilingi Tatu Shingoni

Mimi shilingi hunikimbia mwezi mzima, lakini kaskazi hii, joto la Mombasa likikulowesha hata ukiwa umekaa tu barazani, zilinijia tatu kwa mpigo. Zikatua shingoni. Duara nyekundu, ukingo umeinuka na magamba yake, katikati ngozi safi, na zinawasha utadhani zina deni na mimi. Wengine huita choa, wengine mashilingi. Vijana wa barazani waliponiona walinikopa papo hapo.

Mpwa wangu wa kidato cha pili akachungulia simu yake, akatangaza kwamba jina la Kiingereza la ugonjwa huu lina mnyoo ndani. "Mjomba, umejikunja hapo chini ya ngozi kama pete."

Shangazi, anayekaa chini nami niko orofani, hakungoja asikie zaidi. "Mnyoo? Mnyoo husongwa kwa kitunguu thaumu, babangu." Akatwanga vichwa viwili kwenye kinu, akanipaka, akanifunga leso shingoni. Usiku ule niliona nyota bila kutoka nje. Asubuhi shilingi zilikuwa zile zile tatu, sasa zimezungukwa na malengelenge ya kuungua.

Na siku hiyo ndiyo ya nikahi ya rafiki yangu! Nikavaa kanzu, nikajimwagia mafuta ya udi kibaba kizima, nikaketi msikitini. Mzee wa kando yangu akanusa kushoto, akanusa kulia, kisha akaninong'oneza: "Biriani ishaletwa?"

Baada ya hapo nilinunua tyubu ya mafuta dukani bila kuuliza wala kuulizwa. Siku tatu tu, mwasho kimya, wekundu umefifia. Nikajiona tabibu. Kumbe ndani mlikuwa na steroidi, nayo huwalaza walinzi wa mwili, mwizi akabaki chumbani anakula raha. Choa ikateremka hadi kifuani, haina tena hata ukingo wa kuitambulisha.

Ndipo nikaenda kwa daktari. Akakwangua ngozi kwa kijisu, maganda yakadondoka kwenye kipande cha kioo, akayatia tone la dawa na kuyaweka chini ya darubini. Akaniita nitazame: nyuzinyuzi zenye matawi, kama mizizi.

"Hii ni fangasi. Mnyoo hakuna, wala hakujapata kuwako. Na hapa ulipoungua?"

"Kitunguu thaumu."

Akakohoa kitambo, uso kaupa ukuta. "Nyumbani nani mwingine ana alama?"

"Hakuna, daktari. Labda Karani, ana kipara sikioni."

"Karani ana umri gani?"

"Miezi mitatu."

Kalamu ikasimama. Ikabidi nieleze kwamba Karani ni mtoto wa paka, nilimwokota kichochoroni, hupenda kulalia karatasi zangu, na jioni humvaa shingoni kama skafu.

"Shingoni," akarudia daktari, taratibu.

Nikaandikiwa klotrimazoli, mafuta ya kuua fangasi, nipake mara 2 kwa siku, nipitishe ukingo kwa sentimita 2 hivi, na alama zikitoweka niendelee wiki 2 nyingine, maana fangasi huaga mlangoni ikarudi kwa dirishani. Taulo langu peke yangu, shuka zifuliwe kwa maji moto, ngozi nikaushe vizuri. Nishukuru haikupanda kichwani, akasema; mapunye huingia kwenye mizizi ya nywele, mafuta hayafiki, lazima umeze vidonge. Karani naye alipelekwa kwa daktari wa mifugo, akanilia pesa kuliko mimi mwenyewe.

Shangazi alitamba siku nzima. "Si nilikwambia mtupe paka huyo! Mimi hata kumgusa simgusi!"

Wiki moja baadaye akapanda ngazi hadi kwangu, mkono wa buibui ameuvuta hadi kwenye vidole. "Hebu, ile dawa yako inaitwaje?"

"Ya nani, shangazi?"

Akatazama nyuma, akapandisha buibui kidogo. Shilingi moja, mpya kabisa, pale kwenye kiwiko anapopakatwa mtoto. Nikakumbuka vile vichwa vya samaki nilivyokuwa nikivikuta chini ya ngazi na nisijue vimetoka wapi.

"Usiseme neno," akanionya.

Sikusema. Nilimwuliza tu kama nikamletee kinu.