Mnunuzi Ndiye Anayechagua Picha

Wachoraji wa nyumbani huamini picha za huku Uingereza zinatofautiana na zetu kwa sababu ya rangi. Kidogo ni kweli. Kubwa ni mnunuzi. Huku picha ya mvua na matope inanunuliwa na mtu anayeishi kwenye mvua na matope hayohayo. Mchoraji Mwingereza John Constable alichora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, na nyuma ya michoro akaandika tarehe, saa na upepo. Nani Dar anachora mawingu ya masika yalivyo? Tunamchorea mgeni, naye anataka Kilimanjaro, tembo na Mmasai.

Tena mlima wenyewe tunauchora kwa upande usio wetu. Ile Kibo, kilele kikuu, yenye tembo mbele ni ya Amboseli, Kenya. Ukiwa Moshi asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, mbele una migomba na kahawa, kilele cha Mawenzi kimechongoka kulia, na barafu ya Kibo imebaki vipande. Picha hiyo haiuziki, eti haifanani na kadi ya posta.

Mashujaa wa michezo ndio wameachwa kabisa. Nje ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United, wamesimama wachezaji wa zamani Best, Law na Charlton kwa shaba. Kwetu, zunguka vibanda vya picha umtafute mkimbiaji wetu Filbert Bayi, aliyeongoza mita 1500 mwanzo hadi mwisho kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia. Utachoka miguu.

Kumchora kunataka ufundi, nakubali. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wenye jina lake, alipoanza mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo hukauka bapa, kingo zake kali. Inafaa ndege na samaki, lakini mkimbiaji inamgandisha. Dawa ipo. Paka usuli, yaani rangi ya nyuma, uache ulale usiku mzima; ukiharakisha, rangi ya juu itajikunja kama ngozi ya maziwa. Mchore miguu yote ikiwa hewani, na kivuli kiachane na nyayo: hapo ndipo jicho linaamini anakimbia. Mguu wa nyuma uburute kwa brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi, ukingo ulainike. Na usirekebishe kwa akriliki juu ya rangi hii ya mafuta, itabanduka. Kama umechora kwenye turubai, picha ikishakauka usiikunje haraka kwa ajili ya sanduku la msafiri. Rangi ya kung'aa hugandana, ukiifungua inang'oka.

Kwenye kuchora muziki wa jukwaani nyumbani tumebarikiwa, sema hatutumii. Kumbi za huku zina giza, taa zinabadilika rangi kila dakika, na saa tano usiku watu wanatolewa nje. Dansi la kwetu linakwenda mpaka usiku wa manane, na sebene inarudiarudia: wapiga tarumbeta wanainua na kushusha pamoja, mpiga besi hahami alipo. Pozi ikikupita, subiri kidogo, itarudi. Penseli laini ya 2B na daftari dogo vinatosha. Anza na mstari wa mabega na shingo ya gitaa, nyuso baadaye, maana taa za tyubu huzifanya zote bapa.

Wenye kumbi za dansi wangeweza kuwa wateja wa kwanza. Ukuta wa nyuma ya jukwaa upo, mkubwa na mweupe, na kilichotundikwa pale ni bango la bia.