İnce Memed na hesabu ya magunia

Tangu mwandishi wa Uturuki Yaşar Kemal atoe riwaya ya İnce Memed mwaka 1955, lawama dhidi yake ni ile ile: anampamba jambazi. Kijana fukara wa milima ya Taurus anatorosha msichana aliyeposwa na mpwa wa kabaila Abdi Ağa. Risasi zinalia, mpwa anakufa, Memed anakimbilia milimani na kuwa mhalifu anayesakwa. Wakosoaji wanauliza kisasi hicho kimemkomboa nani. Mwanaanthropolojia Anton Blok alipopingana na mwanahistoria Eric Hobsbawm, aliyewaona baadhi ya majambazi kuwa watetezi wa wanyonge, alishikilia kwamba majambazi wengi wa vijijini waliwatumikia wenye ardhi, si wanyonge.

Hoja ina uzito, ila riwaya yenyewe imeshaisema. Ali Safa Bey, mwenye ardhi mwingine, anatumia majambazi kuwapora wakulima mashamba. Deli Durdu, kiongozi wa kwanza wa Memed, huwavua wasafiri mpaka nguo za ndani, na Memed anaachana naye pale Durdu anapotaka kumwibia Kerimoğlu, mfugaji aliyewakaribisha hemani kwake na kuwalisha.

Wanaobishana juu ya bunduki huipita hesabu. Abdi ana vijiji vitano na huchukua theluthi mbili ya mavuno. Kwa Döne, mjane, mama yake Memed, anachukua robo tatu, kwa kuwa mwanawe, akiwa bado mtoto, alithubutu kutoroka kijijini. Tuseme kila nyumba imevuna magunia 12 ya ngano: jirani anabakiwa na manne, Döne matatu. Tofauti ni gunia moja, na ndipo ukatili ulipo. Katika hayo matatu atoe mbegu ya msimu ujao, kisha avuke baridi ya mlimani na kinachosalia. Chakula kikiisha, mwenye ghala ni Abdi yule yule. Hakuna aliyempiga wala kumfunga. Amepunguziwa fungu tu, na mpaka masika atakuwa mlangoni kwa kabaila akiomba. Kwangu mimi kurasa hizo zinatisha kuliko mapambano yote ya risasi, na mtu asiyezisoma vizuri ataona kweli kwamba Memed ni kijana mwenye hasira tu.

Upande wa pili una jambo moja nisiloweza kulikwepa: Abdi akifa, ukabaila haufi naye. Yaşar Kemal alilikubali mwenyewe. Katika juzuu ya pili, ya mwaka 1969, Kel Hamza anashika nafasi ya Abdi na wanakijiji wanateseka zaidi, huku Memed akijiuliza alichoua ni nini hasa.

Lakini wanaosema wakulima wangefuata sheria wasimfanye mwandishi huyu mtu asiyeijua njia hiyo. Kabla ya umaarufu alikuwa mjini Kadirli, akijipatia riziki kwa kuwaandikia wakulima barua za malalamiko kwa serikali.