Kondoo na ng'ombe kwenye malisho mamoja: faida ipo, ila hawa sio mnyama mmoja

Kuna wafugaji wanaoapa kwamba kondoo wanamaliza majani na ng'ombe wanabaki na njaa, na kuna wengine wanaosema ukichanganya eneo lilelile linakulipa zaidi. Mi niko na hawa wa pili, ila kwa masharti.

Angalia wanavyokula. Ng'ombe anazungushia ulimi fungu la majani analing'oa, kwa hiyo majani mafupi yanamshinda. Kondoo ana mdomo mwembamba, anachagua jani moja moja, na magugu ya majani mapana ambayo ng'ombe anayapita yeye anayatafuta. Halafu pita kwenye malisho ya ng'ombe peke yao uone, kila penye mavi pamezungukwa na majani marefu mabichi kabisa na hakuna anayeyagusa maana ng'ombe hataki harufu ya mavi yake, sasa ingiza kondoo hapo, watayala hadi karibu kabisa na lile rundo.

Ila kwangu faida kubwa ni minyoo. Minyoo mingi ya tumbo ya kondoo haistawi ndani ya ng'ombe mkubwa, so ng'ombe akimeza mabuu yaliyopanda kwenye majani yanafia humo humo, na kwa jinsi minyoo ya kondoo ilivyozoea dawa sehemu nyingi siku hizi hilo sio jambo dogo jamani. Tatizo ni kwamba watu wakisikia hivyo wanaacha kabisa kufuatilia minyoo. Ndama wadogo bado wanaweza kupata ile minyoo inayonyonya damu ya kondoo, na minyoo ya ini haibagui, inapitia kwa konokono wa sehemu zenye maji na inampata kondoo na ng'ombe vilevile. Kama malisho yako ni tope tope, zungushia fensi hizo sehemu kwanza.

Wanaopinga wana hoja nyingine nzito. Kondoo wanaweza kubeba kirusi bila kuumwa kabisa kisha kikamuua ng'ombe kwa homa kali, macho yanaingia ukungu, mafua mazito. Haitokei kila mahali lakini ikitokea tiba hakuna.

Na chumvi! Chumvi ya ng'ombe huwa imeongezwa madini ya shaba, kondoo akiilamba shaba inajikusanya kwenye ini kimya kimya wiki hata miezi, siku moja unamkuta macho ya njano, mkojo mwekundu wa giza, na hapo mara nyingi umeshachelewa. Weka ya ng'ombe juu sana kondoo asifike, au wote wape ya kondoo halafu shaba ya ng'ombe uwape pembeni.

Hao wanaolalamika majani kuisha, wengi waliongeza kondoo bila kupunguza ng'ombe. Kondoo 5 au 6 wanakula kama ng'ombe 1, na majani yakishakuwa mafupi kondoo ataendelea kushiba wakati ng'ombe anakonda.