Brazzaville: jina libaki au lirudi Mfoa?

Mwaka 1966 Mobutu aliigeuza Léopoldville kuwa Kinshasa, na Stanleyville ikawa Kisangani. Ng'ambo ya mto, Brazzaville haikuguswa, wala haikurudishiwa jina la Mfoa, kijiji cha watu wa kabila la Wateke kilichokuwapo hapo kabla. Hadi leo mji mkuu wa Jamhuri ya Kongo unaitwa kwa jina la Pierre Savorgnan de Brazza, msafiri mpelelezi aliyefika huko 1880.

Asili ya jina ni Brazzà, mahali pa ukoo wake huko Friuli, Italia, na Waitaliano huweka mkazo kwenye silabi ya mwisho. Alipochukua uraia wa Ufaransa, alama ya mkazo ikadondoka. Baadaye mji ukaongezewa "ville", yaani mji. Waswahili tunasema Brazavili, mkazo kwenye "vi". Wakongo wa pande zote mbili hukata wakasema Brazza, basi. Sioni matamshi ya kusahihishwa hapo.

Ubishi mkubwa ni kama de Brazza anastahili heshima hiyo. Wanaomtetea wanasema hakumwaga damu, na kaburi lake la Algiers liliandikwa hivyo hivyo. Mimi hoja inayonigusa zaidi ni ya 1905: alitumwa kuchunguza ukatili wa utawala na makampuni ya Kifaransa, akafia Dakar akiwa njiani kurudi, na ripoti ikafungiwa. Haikuchapishwa hadi 2014.

Lakini mkataba wa Septemba 1880 kati yake na Makoko Iloo, mfalme wa Wateke, ndio mlango alioufungulia Ufaransa. Makampuni yale yalipitia hapo, na baadaye reli ya Congo-Océan, iliyojengwa 1921 hadi 1934 kwa kazi ya kulazimishwa na kuua maelfu ya watu. Upole wa mtu mmoja hauyafuti hayo. Ndiyo maana wengi walikasirika 2006, serikali ilipoleta mabaki yake kutoka Algiers na kuyajengea kaburi la marumaru.

Kubadili jina si kazi ndogo, maana hata nchi yenyewe tunaitofautisha na jirani yake kwa kusema Kongo-Brazzaville. Kwa hiyo naona libaki. Ila jina la Mfoa liandikwe kwenye vibao vya mji, pamoja na Malamine Camara, sajenti Msenegali aliyeachwa na askari wachache kulinda kituo, na ambaye Stanley, mpelelezi aliyemtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alimkuta 1881 akiwa na bendera na nakala ya mkataba mkononi.