Daftari la mwanamichezo mwanafunzi, mi nasema aanze kuandika kocha

Ukifuatilia riadha lazima umeshasikia habari ya madaftari ya Eliud Kipchoge. Jamaa anaandika mazoezi yake tangu 2003, leo kakimbia umbali gani, kwa muda gani, mwili uliitikiaje, anaandika kwa mkono mwenyewe, na ndo huyo huyo aliyekuja kukimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna 2019 kwa 1:59:40 (najua, haihesabiki kama rekodi rasmi, ila kakimbia). Sasa watu wengi wa michezo ya shule wameichukua stori hiyo na kusema basi na hawa madogo wetu wapewe daftari, kila baada ya mazoezi mtu akae chini aandike kimeenda nini, kimekwama nini, kesho anabadilisha nini. Kichwa kijengwe kama mguu unavyojengwa. Na wapo wanaocheka wanasema hayo mambo ya Wazungu na ya mabingwa waliokwisha tajirika, sisi tuna mpira mmoja na watoto arobaini.

Nianze na hao wanaocheka maana kiukweli wana hoja kuliko wanavyopewa heshima yake. Angalia mwalimu wa michezo wa sekondari ya kawaida Tanzania. Huyo mtu ana vipindi vyake darasani, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu, halafu saa kumi jioni ndo anakuwa kocha wa mpira wa miguu na netiboli na riadha kwa mpigo. UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ikikaribia mambo yanakwenda mbio, mashindano ya shule, yakitoka hapo wilaya, mara mkoa, mara timu ya mkoa iko kambini inasubiri kwenda taifa, na kila hatua watoto wanachujwa. Mwambie mwalimu huyo akate dakika ishirini za mazoezi watu wakae wajitafakari, atakutazama tu. Jua lenyewe linazama, uwanja hauna taa, na wengine wanatembea mbali kurudi nyumbani.

Halafu kuna hoja ya kitaalamu kabisa ambayo hata hao wanaocheka wenyewe hawaitumii. Mwaka 1992 mtafiti mmoja, Rich Masters, alichukua watu wasiojua gofu akawafundisha kupiga vile vipira vya karibu na shimo. Kundi moja likapewa maelekezo ya kina, shika hivi, simama vile. Kundi jingine halikupewa maelekezo, na huku wanapiga wakawa wanatakiwa kutaja herufi ovyo ovyo ili akili isipate nafasi ya kuchambua mkono unafanya nini. Wakaja kuwekwa kwenye presha. Walewale waliofundishwa kwa maneno mengi ndo waliotetereka, wale wengine wakaendelea kupiga kana kwamba hakuna kitu. Yaani ukishajua sana unachofanya, siku ya presha unaanza kujisimamia mwenyewe na mwili unagoma. Kila aliyecheza mpira shuleni anamjua yule mtu ambaye mazoezini ni balaa, siku ya fainali anapokea mpira wa kawaida kabisa unampita chini ya soli.

Kwa hiyo ukimpa mtoto wa miaka 15 daftari ukamwambia ajichambue kila siku unaweza kuwa unamtengeneza huyo huyo. Na wapo watoto ambao kujitafakari kwao ni kujitesa tu, kakosa penalti Jumamosi, Jumapili anaandika kakosa penalti, Jumatatu anaandika tena, hakuna alichogundua, kidonda kinakwanguliwa kila siku kikianza kukauka.

Lakini hapo ndo wapinzani wa daftari wanachanganya mambo mawili. Kufikiri wakati wa kupiga ni kitu kimoja, kufikiri kesho yake umekaa chini ya mti ni kitu kingine kabisa. Chukua hiyo hiyo penalti. Geir Jordet wa Norway amekaa miaka mingi anachambua vidio za mikwaju ya penalti kwenye mashindano makubwa, na moja ya vitu alivyoona ni kwamba wachezaji wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia wanakosa zaidi ya wale wanaojipa sekunde kidogo, na Waingereza kwa miaka mingi walikuwa ndo vinara wa hiyo haraka. Anayejipa sekunde hafanyi uchambuzi pale, ana kautaratibu kake tu, anaweka mpira, anarudi hatua zake, anavuta pumzi, anakwenda. Sasa hako kautaratibu kanatoka wapi kama hakuna siku mtu alikaa akajiuliza kwa nini mara zote nakimbilia kupiga? Tafakari ifanyike kabla na baada, katikati yaachiwe mazoea. Mtoto akifundishwa hilo tu, kwamba ukiingia uwanjani maswali yanabaki nje, nusu ya ugomvi huu inaisha.

Mpaka hapo unaweza kudhani niko upande wa daftari. Niko, ila sio hili daftari tunalotaka kugawa.

Mimi nimewahi kusoma madaftari ya namna hii ya timu moja ya shule (kwa ruhusa, mwalimu mwenyewe alinipa, na hapo hapo ungeshajiuliza kwa nini ni yeye anayatoa na sio wenyewe walioandika). Karibu yote yanasema kitu kimoja. Nitaongeza bidii. Nitamsikiliza mwalimu. Leo nimejifunza nidhamu. Wengine wameandika kwa Kiingereza maana sekondari ndo lugha ya kila kitu kinachoandikwa, basi unakuta 'I will work hard' kurasa nzima, mtoto ambaye ukimsikia anabishana na wenzake njiani kuhusu kwa nini wamefungwa anakuchambulia mechi kuliko mtangazaji wa redio. Akishika kalamu anakuwa mtahiniwa, anatafuta jibu ambalo mwalimu atalipigia tiki.

Na simlaumu hata kidogo. Mwenye kusoma daftari ni nani? Ni mwalimu anayechagua nani aende wilayani. Ni huyo huyo anayemfundisha somo fulani darasani na kumwekea alama. Na kwetu Tanzania viboko bado viko kwenye kanuni za shule, Kenya angalau sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 ilishavikataza, japo kukatazwa na kuisha ni vitu viwili. Sasa katika mazingira hayo wewe mtoto utaandika goti linaniuma tangu wiki iliyopita? Ukiandika unaachwa. Utaandika kocha akinipigia kelele nachanganyikiwa? Utaandika sijalala kwa sababu nyumbani kuna shida? Kwa watoto wa kike ndo usiseme, kocha ni mwanaume, daftari linalala ofisini kwake, halafu tunamwambia binti aandike anavyojisikia. Mi hilo silitaki kabisa, na anayelipendekeza angefikiria mara mbili ni nani anayepewa ufunguo wa mambo ya ndani ya huyo mtoto.

Madaftari ya Kipchoge ni yake. Hakuna anayesahihisha, hakuna anayetumia kumwacha kwenye kikosi, na ni mtu mzima anayefanya kazi na kocha wake Patrick Sang tangu ujanani, wanaheshimiana. Tumechukua kalamu na karatasi tukaacha hiyo sehemu ndo kubwa.

Ndo maana nasema kocha aanze. Na hapa kuna mifano mizuri sana ambayo sisi tunaipita tu.

John Wooden, yule wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA Marekani, alichukua ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975, na hao alikuwa anafundisha ni wanafunzi. Msimu wake wa mwisho watafiti wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikwenda kukaa kwenye mazoezi yake 15 wakaandika kila alichosema na kufanya, matukio 2,326. Unategemea hotuba za kuamsha ari, si ndio? Karibu nusu yalikuwa maelekezo tu, mafupi, fanya hivi, sogea pale. Pongezi tupu hazikufika asilimia 7, na lawama tupu nazo hazikufika hapo. Na hiyo haikutokea kwa bahati. Kila asubuhi alikuwa anakaa na wasaidizi wake wanapanga mazoezi ya jioni dakika kwa dakika, anaandika kwenye kadi anakuja nazo uwanjani, na kumbukumbu za mazoezi ya nyuma alikuwa anazitunza ili ajue kipi kilifanya kazi. Mwenye daftari alikuwa kocha.

Karibu zaidi na sisi kuna Brother Colm O'Connell pale Iten, Kenya. Mtawa wa Ireland, kaja 1976 kufundisha Jiografia St. Patrick's, kwenye riadha hakuwa na chochote, hajasomea ukocha. Mtu wa namna hiyo hana namna zaidi ya kutazama na kuuliza, na kwa miaka ndo alichofanya, anatazama mtoto anakimbiaje, mabega yako wapi, anamuuliza. Shule hiyo ikatoa Peter Rono, dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988. Baadaye ndo akamlea David Rudisha kutoka akiwa kijana wa sekondari. Rudisha 2009 kule Berlin alitolewa nusu fainali ya mashindano ya dunia. Mwaka uliofuata kavunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili ndani ya wiki moja, na 2012 London akakaa mbele toka mwanzo mpaka mwisho, 1:40.91, na ile rekodi mpaka leo watu wanaifukuzia. Sisemi ni mazungumzo yaliyoleta rekodi, ile miguu na yale mapafu sio ya kila mtu. Nasema baada ya Berlin kocha na mkimbiaji hawakuachana, hawakutafuta mchawi, walirudi Iten wakaendelea na kazi.

Sasa linganisha na mapumziko ya katikati ya mechi zetu za shule. Timu iko nyuma mbili, mwalimu anaongea dakika zote kumi, anataja mapungufu nane, watoto wameinama wanachuna majani. Nenda baada ya mechi kamuulize mwalimu kasema nini, hakumbuki. Huyo ndo anahitaji daftari. Aandike mistari mitatu tu jioni. Leo nimeongea na nani na nani sijamgusa kabisa (utashangaa, kuna watoto wanamaliza wiki kocha hajataja majina yao). Nilipopiga kelele nini kilibadilika. Zoezi gani nimelirudia kwa sababu tu nililizoea. Halafu siku moja moja awasomee watoto alichoandika, awaambie juzi nilimtoa fulani mapema nikakosea. Hapo ndo utaona mtoto naye anafungua mdomo.

Najua nitaambiwa makocha nao wanajua kuigiza. Kweli kabisa, sikiliza intavyuu za baada ya mechi za ligi yetu, kila kocha aliyefungwa anasema makosa tumeyaona tunarudi kwenye uwanja wa mazoezi kuyafanyia kazi, wiki ijayo yaleyale. Tafakari ya mdomoni ni rahisi sana. Ndo maana nataka iwe kitu kidogo kinachoonekana, kama alisema atampa nafasi kipa wa pili basi Jumamosi tumwone golini.

Kwa wanafunzi mi ningeanza na kuongea, sio kuandika. Dakika tano wakati wanapoza misuli, wawili wawili, Kiswahili au lugha yoyote wanayobishania njiani, swali moja tu, lile lililokushinda leo lilianzia wapi. Kocha asiwepo karibu. Atakayependa kuandika aandike kwake, alale nalo, asiulizwe. Hii inajibu na yule mwalimu wa mpira mmoja, maana haimli muda, misuli ilikuwa inapozwa hata hivyo.

Kuna kitu kingine kinachonipa wasiwasi, na hiki ni cha wenzetu Kenya kwanza. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wao mpya wameingia sekondari ya juu na mojawapo ya njia tatu ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Jambo zuri, michezo imekuwa somo la heshima. Ila somo lina alama, na alama zikishagusa tafakari tumerudi kule kule kwa nitaongeza bidii, safari hii inaandikwa vizuri zaidi kwa sababu kuna maksi. Wapime mbio, wapime ujuzi wa sheria za mchezo, wapime anavyopanga programu ya mazoezi, hii ya kujitazama waiache bila maksi.

Kinachobaki kigumu ni muda wa matokeo. Kocha akianza leo kujiandika na kupunguza maneno, timu yake inaweza ikafungwa vilevile wilayani mwaka huu, maana kinachobadilika kwanza ni jinsi watoto wanavyokaa baada ya kufungwa, kombe linakuja baadaye au haliji. Mkuu wa shule anataka kombe la Juni. Mwalimu wa michezo hana posho, hana msaidizi, na akishindwa anapewa mwingine. Kwa hiyo hata hili ninalosema linategemea wakuu wa shule wako tayari kumwachia mwalimu misimu mingapi, na kwa ninavyowaona wengi wao, msimu mmoja tu wanaona ni mwingi.